Mistari Miwili kutoka Makao Makuu

4 Septemba

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu za sisi wa huku, tunaokula, tunaolala na tunaosemana vizuri tu kama kawaida. Goti langu la kushoto limeanza tena ujeuri wake, nakanyaga cherehani kwa mguu mmoja. Mama yako alipita juzi, kanenepa. Nilipomwambia alisusa, akakaa pale kwenye benchi la wateja kanuna hadi nikamshonea blauzi. Wifi yangu huyo hatabadilika. Mkwe wangu hajambo? Tumbo limeshaonekana, au bado mnatuficha?

Ningekupigia simu, ila maneno ya simu hupeperuka, na safari hii nataka jibu la kushika mkononi. Ndiyo maana nampa barua dereva wa basi.

Tumeshindwa uchaguzi, hilo umelijua kabla yangu. Hapa kwetu tumeshindwa kwa kura mia moja na kumi na mbili. Watu mia moja na kumi na mbili, mwanangu! Hao wanaenea kwenye harusi moja na viti vinabaki. Nisingekuwa na neno kama tungeshindwa kwa kushindwa. Lakini sikiliza ilivyokuwa.

Asubuhi ya kura mawakala wetu sita walifika kituoni mapema, wamepiga pasi, kila mmoja na barua yake ya utambulisho kutoka makao makuu. Msimamizi akaishika barua ya kwanza, akaigeuza huku na huku, akasema, "Mhuri huu ni wa zamani. Chama chenu kilibadilisha nembo mwaka jana, na mhuri tulioletewa sisi ni ule mpya. Tokeni nje." Wote sita wakatolewa. Kura zikapigwa na kuhesabiwa bila jicho letu hata moja mle ndani. Na hawakwenda nyumbani! Mzee Zamu, yule aliyelinda ghala miaka thelathini, alisimama nje ya dirisha kutwa nzima, akihesabu kwa vijiti watu wanaoingia.

Sasa mji mzima unasema mawakala wetu walinunuliwa, wakaondoka kwa makusudi. Fundi baiskeli, mmoja wa wale sita, ameandikiwa kwa mkaa kwenye ukuta wa banda lake: MUUZA KURA. Ameusugua ukuta, wameandika tena.

Mimi sitaki kichwa cha mtu. Nataka mistari miwili tu kutoka huko: kosa la mhuri lilifanyika makao makuu, mawakala hawakuondoka. Nitaisoma mbele ya watu, yaishe. Wewe uko idara ya uchaguzi, ndani kabisa. Hebu niulizie, nani aligonga mhuri ule?

Shangazi yako

30 Septemba

Shikamoo Shangazi,

Nisamehe kwa kuchelewa. Sisi ni wazima. Daktari anasema Desemba. Mkwe wako amechukia harufu ya sabuni, kwa hiyo nguo zote za nyumba hii nafua mimi, tena barazani, majirani wakiangalia. Pole na goti. Blauzi ya mama nimeiona kwenye picha, imemkaa.

Uliwahi kuniambia chama ni nyumba. Basi nyumba yetu sasa ina kufuli mbili kwenye mlango mmoja. Mwenyekiti anasema aliyetuangusha ni Katibu Mkuu, maana ndiye aliyeendesha kampeni. Katibu Mkuu anasema aliyetuangusha ni Mwenyekiti, kwa kung'ang'ania uongozi na miaka yake sabini na sita. Tulikuwa na viti arobaini na kimoja bungeni, tumebaki na kumi na tisa. Kila mmoja anataka hivi kumi na tisa viwe vyake, na ishirini na viwili vilivyopotea viwe vya mwenzake.

Watu wa Mwenyekiti waliufunga ukumbi wa mikutano kwa kufuli lao. Kesho yake watu wa Katibu wakaongeza la kwao. Sasa kikao kikiitishwa wanasimama wawili pale mlangoni, kila mtu na ufunguo wake, wakibishana nani atangulie. Juzi mama anayefagia alichoka kuwasubiri, akaingia kwa dirishani, akafagia, akatoka alikoingilia. Tulicheka hadi tukakumbuka tuko upande gani.

Kuhusu mhuri nimeulizia. Hakuna anayejua. Siku zile kazi ilikuwa ya mbiombio na mikono ilikuwa mingi. Nakuomba tu, jambo hili usilipandishe sana kwenye vikao vya tawi kwa sasa. Kila neno linalotoka mikoani linaokotwa na kambi moja kupigia nyingine. Kuna ripoti inaandaliwa. Tuingoje.

Mwanao

14 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Mwambie mkwe wangu hana makosa, hiyo sabuni yenu inanuka kama chumba cha sindano. Nawatumia kipande cha sabuni ya huku. Wewe endelea kufua, haijaua mtu.

Ripoti mliyosema tuingoje imefika. Nimeisomea pale kwenye meza ninayokatia vitambaa, miwani mbili, moja juu ya nyingine, nikidhani macho yananidanganya. Ukurasa wa tisa: "Katika matawi kumi na moja mawakala waliacha vituo kwa hiari yao, jambo linaloonyesha udhaifu wa viongozi wa matawi hayo." Tawi letu ni la nne kwenye orodha. Desemba kwenye Mkutano Mkuu wajumbe watapiga kura kutuondoa wenyeviti wote kumi na mmoja. Nimepewa nafasi ya kuja kuwa msikilizaji.

Miaka ishirini na miwili. Kadi za wanachama wa mji huu nimeziandika kwa mkono wangu, mteja akisubiri suruali yake. Wengine niliwaandikisha nikiwa na pini mdomoni. Sisemi hayo ili unionee huruma, nasema kwa sababu nina hasira na sina mwingine wa kumwambia.

Mzee Zamu huja kila Ijumaa. Anavua kofia, anakaa kwenye benchi, anauliza, "Majibu yamekuja?" Namwambia bado. Anavaa kofia, anaondoka. Hajaniuliza kitu kingine tangu uchaguzi, hata bei ya shati.

Hakuna anayejua, umesema. Haya. Mtu anagonga mhuri, halafu mkono wake wenyewe haujui? Huo mkono upelekwe hospitali.

Shangazi yako

6 Novemba

Shikamoo Shangazi,

Barua hii nimeianza mara nne. Sabuni imefika, mkwe wako anashukuru, ameacha kuziba pua. Miguu inamvimba kidogo lakini anacheka.

Nilizungumza na Katibu Mkuu kuhusu tawi lako. Kwa kinywa chake ameniambia kwamba mwenyekiti yeyote atakayeandika barua ya kuomba radhi kabla ya mkutano hataondolewa, atapewa karipio tu. Andika, Shangazi. Mistari mitatu inatosha. Ukitaka nitakuandalia mimi, wewe utie sahihi. Karipio ni karatasi, mtu halimwumizi.

Nimesoma nilichoandika hapo juu nikaona haya. Ngoja niseme.

Mhuri niligonga mimi.

Siku mbili kabla ya kura zilikuwa zimebaki barua za matawi kumi na moja. Mhuri mpya haukuwepo. Katibu Mkuu alikuwa ameutia kwenye mkoba wake akaenda nao kwenye kampeni, ili Mwenyekiti asipate wa kugongea barua zake nyuma ya mgongo wake. Hapo ndipo ugomvi wao ulipokuwa umefikia, wanafichana mhuri. Mabasi yalikuwa yanasubiri vifurushi. Nikampigia Katibu. Akasema, "Tumia ule wa zamani, nani atauangalia?" Nikautoa kwenye droo. Barua sitini na sita. Nilijua nembo si yenyewe, Shangazi. Nilijua kabla ya kugonga ya kwanza.

Ule mstari wa ukurasa wa tisa pia nimeuchapa mimi. Katibu alikuwa akitamka, mimi nachapa. Hata koma niliweka mimi.

Mkutano ukipita salama nitapewa idara niiongoze. Mtoto ndiyo huyo anakuja. Nikisema sasa, Mwenyekiti ataniokota ampige nami Katibu kichwani, na kesho yake watanitupa wote wawili. Sijidai kuwa na haki. Nakuomba tu univumilie hadi mkutano upite, baada ya hapo nitatafuta njia ya kurekebisha. Na barua hii ukishaisoma ichome.

Mwanao

15 Novemba

Mwanangu,

Sisi hatujambo. Mkwe wangu aweke miguu juu ya mto akikaa, asione aibu hata kama kuna wageni.

Barua yako sijaichoma. Mimi huchoma mabaki ya vitambaa, maneno ya mtu sichomi.

Ulichoniambia nilikijua. Desturi yenu ni kwamba aliyegonga mhuri huweka herufi zake mbili chini ya karatasi. Niliziona siku ileile ya kura, kituoni, msimamizi kanishikia barua mbele ya macho. Herufi hizo nilikufundisha mimi, ukiwa na miaka mitano, kwa chaki ya fundi, tena kwenye kitambaa cha suti ya mtu aliyekaribia kunila nyama. Mkia wa ile ya pili bado unaupindua juu.

Kwa hiyo sikukuuliza kwa kutojua. Nilitaka uniambie mwenyewe. Ukajitia hamnazo. Miezi miwili imepita, na umeniambia huku umeniziba mdomo kwa mkono mwingine. Nimeumia, baba. Mhuri ni kosa la haraka, ningelicheka likaisha. Kwenye ukurasa wa tisa hukuwa na haraka yoyote.

Radhi siombi. Nikimwomba Katibu radhi, nimekubali kwamba wale sita walikimbia.

Nitakuja mkutanoni. Zile barua sita za mawakala nitakuwa nazo kwenye mkoba, na sitazitoa. Sitakuaibisha mbele ya watu mia nane, marehemu kaka yangu asingenielewa. Nikiondolewa mimi nitarudi kwenye cherehani yangu, sina hasara kubwa. Wale sita ndio wasio na pa kusemea. Wewe utakuwepo ukumbini na una mdomo.

Shangazi yako

19 Desemba

Shikamoo Shangazi,

Mkwe wako amejifungua salama Jumatatu, mtoto wa kike, kilo tatu na nusu. Analia kama anayehutubia uwanjani bila kipaza sauti. Mama amekuja kutusaidia na tayari amegombana na jirani.

Uliondoka ukumbini kabla sijashuka jukwaani. Nilikukimbilia hadi kituo cha basi, nikakuta limeshatoka.

Sikujua kwamba nitasoma mimi. Ni kweli kwamba katika chama hiki aliyechapa ripoti ndiye huisoma, lakini kwa jambo zito kama lile nilidhani Katibu atasoma mwenyewe. Tulipokaa tu akanisogezea kipaza sauti. Nilikuona safu ya tatu, gauni la bluu, mkoba mapajani, mikono yote miwili juu ya mkoba. Nilipofika ukurasa wa nane nilijiambia, nikifika pale nitanyamaza, watu watashtuka, ndipo nitasema. Nikafika pale. Nikasoma. Na nilisoma vizuri, Shangazi, hicho ndicho kinachonitafuna. Sikukwama hata neno moja. Mikono ikanyooshwa, mkaondolewa wote kumi na mmoja, hata dakika tatu hazikufika.

Kuna jambo hukuliona. Walikuwa wameshapatana. Jana yake mchana Mwenyekiti na Katibu walijifungia ofisini, chai ikapelekwa mara mbili, wakatoka wanacheka na kushikana mabega. Mwenyekiti anabaki mwaka mmoja, kisha anamwachia Katibu. Kushindwa kwetu kukapewa matawi. Kufuli zote mbili zilitolewa jioni ileile. Na mimi miezi yote nimenyamaza nikidhani nimesimama katikati ya wapiganaji, nikisogea tu nitakatwa. Kumbe walikuwa wanatafuta wa kumbebesha, na nikawachapia orodha.

Idara nimepewa. Kiti kinazunguka na dirisha linaangalia barabarani. Sijui kwa nini nakuandikia habari za kiti.

Hujawahi kuninyima kitu maishani mwangu, ndiyo maana nathubutu kuomba. Tunataka mtoto tumpe jina lako.

Mwanao

22 Januari

Mwanangu,

Hongereni sana. Nimelia kwa furaha, sikufichi. Nimemshonea mjukuu wangu nguo tatu, zote kubwa kidogo maana watoto wa ukoo wetu hukua kwa fujo. Mwambie mama yake asishike maji baridi. Na mama yako aombe radhi kwa jirani, najua ni yeye aliyeanza.

Nimechelewa kujibu kwa sababu tulikuwa na msiba. Mzee Zamu amefariki, tarehe tisa. Kifua. Ijumaa ya mwisho alikuja kwa taabu, akavua kofia, akaniuliza kama majibu yamekuja. Nikasema bado. Akasema, "Watu wa makao makuu wana kazi nyingi." Alikuwa anawatetea, mwanangu! Makaburini watu walifika wengi, lakini nyuma yangu nikasikia mtu akimwambia mwenzake, huyu ndiye yule aliyeuza kura. Mke wa marehemu alikuwa hatua mbili kutoka pale. Alisikia. Akajifanya anarekebisha kanga.

Ukweli nilikuwa nao kwenye mkoba, nikanyamaza kwa ajili yako. Basi tusidanganyane, jambo hili si lako peke yako tena. Nina hasira nawe na nina hasira na nafsi yangu, na sijui ipi imezidi.

Mwenyekiti mpya wa tawi alikuja kuchukua bendera na daftari la wanachama. Kijana mwenye adabu, alivua viatu mlangoni. Nikampa na kibao cha ukutani. Nilidhani nitalia, sikulia. Nimepata nafasi ya kuweka kioo kikubwa cha wateja.

Siku ile mkutanoni ulidhani nimeondoka kwa hasira. Sivyo. Ulipoanza kusoma, na sauti ile nzuri, na ukumbi mzima umetulia, kilichonijia kwanza kilikuwa fahari. Nilijiona nataka kumgusa mtu wa pembeni nimwambie, yule nimemlea mimi. Halafu maneno yenyewe yakanifikia. Sikuweza kukaa tena pale.

Kuhusu jina, hapana. Sikukomoi. Jina langu hapa mjini sasa hivi ni la mwanamke ambaye watu wake walinunuliwa. Mtoto wa mwezi mmoja hajakosa kitu, usimvishe hilo. Mtafutieni jingine kwa upande wa mkwe wangu, nitalipenda vilevile.

Msamaha nao usiutafute kwa barua. Walikuwa sita, wamebaki watano. Nikiwaambia mimi, watasema shangazi anajitetea. Njoo uwaambie wewe.

Shangazi yako

2 Februari

Shangazi,

Salamu nitazileta mwenyewe. Nafika Jumamosi kwa basi la asubuhi, pamoja na mkwe wako na mtoto. Katibu Mkuu nimemwandikia yote, nakala nimempa Mwenyekiti, na ufunguo wa ofisi nimeuacha juu ya barua. Sikusubiri jibu lao.

Usitupokee kituoni. Waite hao watano waje kwako adhuhuri. Kabla ya hapo nitamwacha mkwe wako mlangoni pako, niende kwa mke wa Mzee Zamu, peke yangu. Nielekeze nyumba yake, sijawahi kufika.

Ya kuwaambia wale watano ninayo. Huyu mama akiniuliza kwa nini sikuja mwezi uliopita, sijui nitamjibu nini.

Mwanao